Inaruka dakika ya ngapi? Miezi minne na deki ya marehemu baba

Nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, siku huanza na deki. Mama akishaswali alfajiri huiwasha, huweka CD ya kasida, kisha hukaa kwenye kibao chake kusukuma mahamri ya kuuza. Deki yenyewe aliileta marehemu baba kutoka Jeddah mwaka 1995, imeviringishwa kwa mablanketi mawili ndani ya kasha. Tangu siku hiyo imekaa kwenye daka la ukutani, pale bibi alipokuwa akipanga sahani zake za kaure. Mama hataki redio ya simu wala spika zile ndogo za kuchaji. Sauti ya simu, asema, ni sauti ya nzi ndani ya chupa.

Mwezi wa Machi mwaka jana ikaanza kuruka. Kasida inakwenda vizuri, ghafla neno moja linarudiwa mara tatu, nne, kama mtu mwenye kigugumizi, halafu beti nzima inapotea. Mama akaniita jikoni.

"Ndoo usikize. Huanza vyema, lakini nikitia mahamri mafutani, yaruka."

Jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo. Mimi nilichosikia ni "mafuta" tu.

Kazi yangu ni cherehani. Nimezoea bisibisi ndogo, nimezoea kufungua kitu, kukisafisha na kukirudisha kikafanya kazi, na nina kiburi kidogo cha mikono yangu. Nikaamua ni moshi wa mafuta unaoingia ndani na kuichafua deki. Nikaihamishia chumba cha ndani, mbali na jiko, mama akawa anaisikiliza kupitia mlangoni. Ikaruka vile vile.

Basi nikazigeukia CD. Zilikuwa zimechafuka kweli, zina alama za vidole na nyingine zina mikwaruzo ya wajukuu. Nikazifuta kwa pembe ya leso, nikizungusha mkono kama mtu anayefuta sinia. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Maandishi ya CD yamepangwa kwa mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, kila chembe ya mchanga unayoiburuta inakata mkwaruzo unaofuata njia ileile ya mstari, na leza, ule mwanga unaoisoma CD, ikiingia humo inapotea kwa muda mrefu. Futa kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Mkwaruzo uliokatiza mstari deki huuvuka na kujaza pengo yenyewe, kwa sababu CD imeandikwa kwa namna ya kusahihisha makosa madogo.

Kosa la pili ni dawa ya meno. Niliambiwa inang'arisha mikwaruzo, na kwa mikwaruzo myepesi ya upande wa chini inaweza kusaidia kweli. Mimi nilitumia ile yenye chembechembe, nikasugua pande zote mbili. Sikujua kwamba sehemu inayobeba sauti haiko upande unaong'aa. Plastiki ya CD ina unene wa milimita 1.2, na utando wa madini unaosomwa uko juu kabisa, chini tu ya rangi ya upande wenye jina. Upande wa chini unastahimili. Upande wa jina ukikwaruzwa, sauti imeondoka na hairudi. CD mbili za taarabu za mama zilikwenda namna hiyo. Ukizishika sasa mbele ya taa unaona vitundu vya mwanga.

Nikafungua deki. Hapa nitasema jambo moja kwa uzito: chomoa plagi ukutani, usizime swichi ya mbele tu, kisha uache nusu saa. Umeme wetu ni wa volti 240, na kapasita kubwa zilizo karibu na transfoma hubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Lingine ni leza. Mwanga wake ni wa nanomita 780, karibu hauonekani kwa jicho la mtu, na kwa sababu huuoni hutakwepa. Usiinamishe uso juu ya lenzi wakati deki imewashwa na CD haimo.

Skurubu sita, kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na mchanga, mjusi mkavu na vumbi la miaka karibu thelathini. Lenzi yenyewe ni kitone kidogo kuliko punje ya hindi, imening'inizwa kwenye vishikizo laini ili iweze kupanda na kushuka, kwenda kushoto na kulia, ikiufuata mstari wa CD. Ilikuwa na ukungu. Nikafurahi kwamba nimeupata ugonjwa. Nikatuma mtoto duka la dawa akaniletea spiriti ya vidonda, shilingi 80, nikachovya pamba nikafuta.

Usifanye hivyo. Spiriti nyingi za vidonda hutiwa mafuta kidogo ili zisikaushe ngozi. Alkoholi ikikauka, mafuta yanabaki juu ya lenzi. Siku ile deki haikusoma CD hata moja. Kinachotakiwa ni alkoholi ya aisopropili, ile wanayotumia mafundi wa simu kusafishia saketi, asilimia 90 au zaidi. Mimi niliinunua baadaye kwa fundi wa simu, chupa ndogo, shilingi 450. Unalowesha kijiti cha pamba kidogo tu, kisidondoke, unagusa lenzi kama unavyofuta jicho la mtoto mchanga, na unamalizia kwa kijiti kikavu. Ukikandamiza utavipinda vishikizo vyake, na hakuna wa kuvinyoosha.

Lakini wakati ule sikuwa nayo na sikujua, kwa hiyo nilikata tamaa nikaibeba deki kwa fundi. Sitamtaja jina, ni mtu mzima na alinipokea vizuri. Akaisafisha lenzi, akaweka CD yake mwenyewe, wimbo wa kwanza, wa pili, ikaruka kidogo. Akasema leza imezeeka. Pembeni ya jicho, yaani kile kipande kizima kinachobeba lenzi na leza, kuna kiskurubu kidogo mno cha kurekebisha nguvu ya leza, akakizungusha. Akapiga tena nyimbo mbili za mwanzo, zikaenda safi kabisa. Nikalipa shilingi 1,000, nikarudi nimeikumbatia deki kifuani, punda wa mchanga wananipisha kwenye vichochoro.

Asubuhi yake mama aliniambia, "Yaruka." Nikamjibu kwamba fundi amesema ni uzee, tuiache. Nilikuwa na magauni ya harusi ya watu na nilikuwa nimechoka.

Yule fundi alijaribu nyimbo mbili za mwanzo tu, na mimi nilisimama pale nikakubali. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo nyimbo mbili za mwanzo zinapima kipande kidogo tu karibu na katikati. Deki ingeweza kuwa mzima pale na mgonjwa kila mahali kwingine. Na kile kiskurubu si cha kuchezea. Kuongeza nguvu ya leza ni kama kuongeza utambi wa taa: mwanga unazidi, na unaisha mapema. Wiki sita tu baadaye kioo cha deki kikaandika kwamba hakuna CD ndani, na CD imo. Lenzi ilikuwa ikipanda na kushuka mara kadhaa ikitafuta, halafu kila kitu kinasimama. Sasa leza ilikuwa imekufa kweli, na waliochangia kuiua ni fundi na mimi niliyelipa.

Mama hakulalamika. Alikuwa akisukuma mahamri kimya, na kimya hicho kilinisumbua kuliko kelele.

Jicho jipya nilililetesha kutoka Nairobi, barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Jicho la zamani lina namba imechapwa ubavuni, unaipiga picha, unaituma, na usikubali la "kufanana". Shilingi 2,400 za jicho na 350 za usafiri, basi mpaka Mokowe na boti mpaka gatini. Lilifika baada ya siku tano limefungwa kwenye mfuko wa rangi ya fedha.

Nikalichomeka, nikawasha, deki ikawa kama maiti. Nilikaa chini sakafuni, nikalia, sitaficha. Siku mbili nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia muuzaji kwamba ameniuzia bovu. Kijana mmoja anayetengeneza simu pale Langoni ndiye aliyelitazama mara moja tu akacheka. "Dada, hujatoa lehemu."

Jicho jipya huja na kitone cha lehemu kimeunganisha vituo viwili kwenye kisaketi chake. Kimewekwa makusudi kuilinda leza isiuawe na umeme tuli wa mikononi mwa watu njiani. Hewa yetu ya unyevunyevu haina umeme tuli mwingi, lakini mfuko umepita Nairobi. Ukishachomeka utepe wa nyaya, ndipo unakitoa kitone hicho kwa chuma cha lehemu chenye ncha nyembamba, mara moja, bila kukawia na moto pale. Ukikiacha, leza haiwaki. Kijana alikitoa kwa sekunde tatu na akakataa hela. Jioni hiyo deki ikaimba.

Kesho yake alfajiri nilikaa karibu nayo, kifuniko kiko wazi, kwa sababu nilitaka kuiona. Mama akaweka kasida yake. Niliona kwamba CD inazunguka kwa kasi mwanzoni, kama mizunguko 500 kwa dakika, kisha inapungua kidogo kidogo. Huko nyuma nilikuwa nimeliona hilo nikadhani mota inachoka, nikakaribia kuagiza na mota. Ndivyo ilivyoundwa: mstari lazima upite mbele ya leza kwa mwendo uleule, na kwa kuwa duara la nje ni refu, CD hupunguza mizunguko ikielekea huko hadi kama 200. Shilingi hizo angalau nilizinusuru.

Mama akasukuma, akakata, akafunika kwa leso yaumuke. Akabandika karai. Mahamri ya kwanza yakaingia mafutani, chwaa, na deki ikaruka.

Nikageuka kumtazama. Hakusema neno. Alinikazia mato tu, kijiko mkononi.

Nikatazama saa ya kwenye kioo cha deki. Dakika ya 41. Nikachukua kalamu ya chaki ya kukatia vitambaa, nikaandika ukutani: kasida, 41. CD nyingine, 38. Nyingine, 43. CD ya hadithi za watoto, ambayo ina dakika 30 tu, haikuruka hata mara moja. Kusukuma na kuumua kwa mama huchukua kama dakika arobaini, hakuna la moshi hapo. Alikuwa ananiambia saa, nami nikasikia chakula.

Hilo ndilo ningetaka mtu yeyote aliye na deki inayoruka alifanye kabla ya kugusa bisibisi. Keti na CD tano na kalamu. Ikiruka CD moja tu, mahali palepale, tatizo ni CD hiyo. Zikiruka zote, ovyoovyo, mwanzo mpaka mwisho, shuku lenzi chafu au leza iliyochoka. Zikiruka zote zikifika dakika zilezile, lenzi haina kosa. Kuna kitu kinaizuia kusafiri. Nami nilikuwa wa hilo la mwisho tangu mwezi Machi.

Jicho hutembea juu ya reli, chuma chembamba kinachong'aa, likisukumwa na giya ndogo za plastiki. Halitembei mfululizo. Lenzi kwanza inainama kuelekea nje ikifuata mstari, na ikishainama vya kutosha ndipo mota inapata nguvu ya kulisogeza jicho zima hatua ndogo. Grisi ikiwa imekauka, hatua hiyo haiji. Mota inaongezewa nguvu, inaongezewa, bado limekwama, halafu linachomoka kwa mpigo. Punda aliyebebeshwa mawe ya matumbawe kwenye ngazi ndivyo afanyavyo: anagoma, unampigia kelele, halafu anaruka na mzigo unamwagika. Sauti tunayoisikia ikikwama na kuruka ni mzigo huo.

Kwa nini dakika ya 40? Nina dhana yangu. Kwa miaka, mama huizima deki watoto wa shule wanapoanza kugonga, muda mfupi baada ya mahamri kuingia mafutani. Jicho halikuwa likifika mbali zaidi ya hapo. Lilikuwa likiisukuma grisi ya zamani mbele yake kama ufagio unavyosukuma taka, na kuiacha palepale kila siku. Nilipochomoa reli niliikuta imejikusanya mahali pamoja, ngumu na ya kahawia kama nta, imeshikana na vumbi. Na upande ule jicho lisikofika reli ilikuwa na vidoa vya kutu. Chumvi ya bahari haisahau kitu.

Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu. Nilipiga picha kila hatua kwa simu ili nijue kila giya inarudi wapi. Reli niliifuta kwa alkoholi ileile mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Giya nilizisugua kwa mswaki wa zamani, na kati ya meno nikapitisha njiti ya meno, kwa sababu kipande kimoja cha nta kwenye jino moja kinatosha kukurudisha ulikotoka. Kabla ya kupaka chochote nilizungusha giya kwa kidole, jicho likatembea toka ndani mpaka nje bila kusita. Usipolihisi hilo kwa kidole, usifunge.

Kuhusu cha kupaka: nilikuwa na mafuta ya cherehani mkononi, na mama alikuwa ananinyooshea chupa ya mafuta ya nazi. Yote mawili hayafai. Mafuta ya nazi yanachacha na kunata, na ya cherehani ni mepesi, yanatambaa hadi kwenye lenzi, halafu CD ikizunguka inayarusha. Kinachofaa ni grisi nyeupe isiyodhuru plastiki. Fundi wa mashine za fotokopi alinichotea kidogo kwenye kizibo cha chupa, na kidogo hicho kilizidi. Reli nzima inataka kiasi cha punje ya mchele.

Ikaimba dakika 70 bila kukwaa. Mama alikuwa amekwishauza mahamri yote na bado inaimba, na sidhani kama aliwahi kuusikia mwisho wa CD ile kabla ya hapo.

Nilipiga hesabu usiku ule: spiriti 80, fundi 1,000, jicho 2,400, usafiri 350, vijiti vya pamba 100, alkoholi 450. Jumla ni shilingi 4,380. Zilizotibu ugonjwa wa mwanzo ni 550, na grisi ya bure. Zote nyingine zilikwenda kwenye makosa, na lile jicho la 2,400 lilihitajika kwa sababu la kwanza tuliliua wenyewe. CD mbili za taarabu sijazitia hesabuni, na mama hajaniachia nizisahau.

Ikabaki moja. Tuna CD ya sauti ya baba akisoma kwenye maulidi ya nyumbani, iliyonakiliwa kutoka kaseti mwaka 2005. Hiyo iliendelea kuruka, daima dakika ya 12. Ni CD ya kuandika nyumbani, upande wake wa chini una rangi ya kijani. CD za namna hiyo hurudisha mwanga kidogo kuliko zile za kiwandani, kwa hiyo deki za zamani huzisoma kwa taabu, na rangi yake huharibika kwa joto na jua. Yetu ilikaa kwenye daka lile, dirishani, miaka yote hiyo. Safari hii sikufungua kitu. Niliipeleka kwa binamu yangu mwenye kompyuta yenye tundu la CD, akainakili polepole, kwa mwendo wa chini kabisa, mara tatu, akachukua nakala iliyotoka vizuri. Zimepotea kama sekunde nne. Kama una CD ya namna hiyo nyumbani, inakili leo, deki itangoja.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea mtaani kwetu. Juma lililopita jirani wa ukuta wa pili, mama mtu mzima, aliingia na deki yake kichwani, mtoto anamfuata na waya.

"Shikamoo, Bi," nikamwambia, na kabla hajaitua nikamwuliza, "yaruka dakika ya ngapi?"

"Hata, mwanangu, hairuki. Haifunguki kinywa."

Huo ni mkanda wa mpira unaoitoa sinia ya CD, umelegea. Nimemwagizia.